Shahada Iliyopelekwa Hola

Katika hojaji ambazo Issack Dadacha huenda nazo nyumba kwa nyumba, swali la kumi na saba huuliza kiwango cha juu cha elimu katika kaya. Majibu yamepangwa kuanzia "hakwenda shule" hadi "shahada au zaidi." Kwa miaka saba ameuliza swali hilo katika mitaa ya Garsen, mashamba ya Kinakomba, maboma ya Chewele na vijiji vya mtoni hadi Kau, na jibu la mwisho amelipata mara kumi na moja. La kumi na mbili lingetoka nyumbani kwao, ila hakuna aliyewahi kutumwa kwenda kuwahoji.

Ana umri wa miaka thelathini na moja. Shahada yake ni ya sosholojia, daraja la pili la juu, na aliipata Desemba 2017. Tangu hapo amekuwa mkusanyaji takwimu. Mafuriko yakija, mashirika huja kuhesabu nyumba zilizozama. Ukame ukija, huja kuhesabu ng'ombe waliokufa. Baina ya mafuriko na ukame huja kuwauliza watu wanaonaje kuhusu amani. Issack huitwa kwa sababu anajua Kiorma cha nyumbani, Kipokomo cha shuleni na Kiswahili cha kila mahali, na kwa sababu hakasiriki anapofungiwa mlango. Hulipwa kwa siku. Siku zikiisha hutia saini, hurudisha vifaa vya watu, hurudi kwao kungoja janga jingine.

Kwao ni bomani kwa baba yake, mzee Dadacha, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Garsen. Kabla ya ukame mkubwa wa juzijuzi, mzee alikuwa na ng'ombe sitini na wanne. Sasa ana tisa. Mama alikwisha kufariki. Nyumba inaendeshwa na Bishara, dada yake mdogo wa miaka kumi na minane aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana na ambaye, kama kaka yake wakati ule, anangojea kuitwa chuo kikuu.

Mwezi wa pili mwaka huu, siku ya Alhamisi, Issack aliitwa kazini. Hii haikuwa kazi ya siku. Ilikuwa kazi yenyewe: afisa wa kushirikisha jamii katika shirika lililofungua ofisi Garsen, mkataba wa miaka miwili, shilingi elfu sitini na mbili kwa mwezi. Barua ilikuja kwa barua pepe, akaenda kuichapisha kwa Nzai.

Nzai ni rafiki yake tangu shule ya msingi. Wazazi wake walitoka upande wa Malindi kuja kulima katika delta, yeye akaishia kidato cha nne, akanunua kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, akafungua saiba karibu na kituo cha mafuta. Hujazia watu fomu kwa malipo. Wanafunzi wote wa Garsen wanaoomba mkopo wa chuo hupitia mikononi mwake.

"Soma tena," Nzai alisema.

"Nimesoma mara tatu."

"Mimi sijasoma hata mara moja, na karatasi ni yangu, wino wangu, stima yangu." Akainyakua barua. "Elfu sitini na mbili. Kwa mwezi? Profesa, leo chai ni yako."

"Soma chini."

Chini palitajwa vitu vitatu ambavyo mwombaji alipaswa kuviwasilisha kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa ya wiki iliyofuata: cheti halisi cha shahada, si nakala, cheti cha polisi cha tabia njema, na barua ya kuthibitisha kwamba analipa mkopo wake wa elimu ya juu. Cha polisi alikuwa nacho, maana mashirika hukitaka kila mara. Cha shahada kilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Barua ya mkopo hakuwa nayo, kwa kuwa hakuwa amelipa hata senti moja.

"Si ulisema utaanza kulipa?" Nzai aliuliza.

"Nilisema."

"Lini vile?"

"Mwaka wa elfu mbili na kumi na nane."

Nzai aligeuza karatasi iliyochapishwa vibaya, akachukua kalamu. Alikuwa na tabia ya kuandika hesabu za watu kwa upole, kama daktari. Issack alikopa shilingi laki moja na elfu themanini kwa miaka minne. Mwaka aliotakiwa kuanza kulipa, hakuwa na kazi. Mwaka uliofuata alikuwa na kazi ya siku ishirini na sita. Ujumbe wa kumkumbusha ulipozidi alibadilisha laini ya simu, jambo ambalo halikupunguza chochote. Riba iliendelea kuongezeka, na faini za kila mwezi zikaongezeka juu yake. Nzai alifungua akaunti ya Issack kwenye tovuti ya bodi ya mikopo, akageuza skrini asiione mteja mwingine. Laki nne, elfu sitini na nane, na mia tatu.

"Na wewe umeingiza ngapi?"

Issack alikuwa na daftari. Aliyefundishwa kukusanya takwimu hawezi kuishi bila daftari. Siku za kazi tangu ahitimu: mia tatu na saba. Malipo yote: laki tano na elfu thelathini na nne, kabla ya kutoa nauli na pesa za simu.

Nzai aligawa kwa miezi themanini na minne. "Elfu sita na mia tatu na kitu," alisema. "Mwanamke anayeniuzia maandazi hapo nje anakushinda." Alingoja Issack acheke, akaona hacheki, akakunja ile karatasi. "Lakini sikiza. Kwa huu mshahara, ukitoa elfu kumi na tano kila mwezi kwa miaka miwili, unatoa laki tatu na sitini. Deni linabaki mifupa. Hiyo ndiyo nafasi yako, buda. Nyingine sioni."

Issack naye hakuiona nyingine. Walipiga simu kwa bodi, wakaambiwa kwamba akikubali mpango wa malipo na kuweka shilingi elfu ishirini za kwanza, barua itatolewa. Elfu ishirini hakuwa nazo. Bomani kulikuwa na mtamba mmoja mwekundu, wa miaka mitatu, ambaye sokoni angepata thelathini na zaidi.

Jumamosi alasiri alimkuta baba yake amechuchumaa kandokando ya zizi, ameshika kwato la huyo huyo mtamba, akimtoa mwiba.

Issack hakuwa amewahi kumwambia kuhusu deni. Mzee Dadacha alijua kwamba serikali ilimsomesha mwanawe, kama ilivyowawekea daraja, na kwa hilo alikuwa akiisifu mbele za watu. Issack alilala masiku mawili akipanga maneno. Neno moja alijua halifai kutamkwa: riba. Baba yake, ambaye hajawahi kukosa sala ya alfajiri, angesikia neno hilo na asingesikia jingine baada yake. Angeanza kumwombea mwanawe msamaha, na mtamba angebaki zizini. Kwa hiyo alichagua lugha ambayo mzee angeielewa.

"Baba, niliwahi kukopeshwa ng'ombe."

"Na nani?"

"Na serikali. Nilipokwenda chuo."

Mzee aliachia kwato. "Wa maziwa?"

"Wa maziwa."

"Alizaa?"

"Hakuzaa."

"Ulimkamua?"

"Kidogo, Baba. Ya kutia rangi kwenye chai."

"Na sasa yuko wapi?"

Issack aliangalia vumbi. "Ni kama amekufa."

"Kwa uzembe wako? Ulimuuza? Ulimchinja? Ulimwacha apotelee kichakani?"

"Hapana. Nilimchunga miaka saba."

"Na mwenyewe anadai."

"Anadai. Kila mwezi anadai zaidi. Nataka kumpelekea kitu kidogo anyamaze, nipate kazi niliyoitwa. Wananitaka kabla ya Ijumaa. Nilikuwa nafikiri juu ya huyu mtamba."

Mzee alimtazama mtamba, akamtazama mwanawe, akasimama polepole kwa kushika magoti. "Ng'ombe akifa, mwenyewe hadai," alisema. "Huyo hajaambiwa. Ulimpelekea habari?"

"Hapana. Nilinyamaza."

"Kosa lako ni hilo, na ni la utoto. Haya. Nimesikia. Nitalimaliza mimi."

Issack alishukuru. Kwa miaka saba alikuwa akilizunguka jambo hili, na kumbe lilihitaji dakika kumi. Aliona baba yake atampeleka mtamba kwenye mnada wa wiki ile, na fedha zitakuwepo atakaporudi. Jumatatu alfajiri alikwenda Kinakomba kwa kazi ya siku tatu, kuhesabu pampu za maji zilizosalia baada ya mafuriko ya mwaka uliotangulia. Kule bondeni simu yake ilishika mtandao kwa vipande vipande. Aliuliza maswali, akajaza majibu, na kila jioni akahesabu mshahara ambao hajaupata.

Alirudi Jumatano magharibi. Mtamba mwekundu alikuwa zizini.

Alikwenda chumbani, akavuta sanduku la bati. Vitabu vilikuwepo, joho la mahafali ambalo hakulirudisha lilikuwepo, tasnifu yake ilikuwepo. Bahasha ya kaki yenye cheti haikuwepo.

"Bishara," aliita, "nani amefungua sanduku langu?"

"Baba. Jana." Bishara alikuwa akichambua mchele. "Alivaa kanzu nyeupe akaenda Hola. Alirudi na furaha, kaka, mpaka akaninunulia sabuni ya kunukia. Nikamuuliza kuna arusi ya nani?"

"Hola kufanya nini?"

"Alisema wewe unajua."

Mzee aliingia baada ya kufunga zizi. Hakukaa kwanza. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua juu ya mkeka kwa vidole vya mtu anayefungua kitu cha thamani. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi nene, kikubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi ishirini, chenye muhuri mwekundu wa chuo kikuu na nusu ya namba ya cheti.

"Limekwisha," alisema. "Sikio lako hili. Liweke vizuri, asije mtu kukudai tena."

Hapa lazima lielezwe jambo ambalo Issack hakuhitaji kuelezwa. Katika ukoo wao, mwenye mifugo humkopesha ndugu aliyeishiwa ng'ombe wa maziwa. Mkopaji hunywa maziwa, na ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa bila uzembe, mkopaji humchuna, huchukua ngozi pamoja na masikio yake na kwenda nayo kwa mwenye mali. Masikioni ndimo ilimo alama ya ukoo. Mwenye mali huitazama alama, akiridhika hukata sikio moja mbele ya mashahidi na kumpa mkopaji. Kuanzia hapo hakuna deni, hata mjukuu hawezi kuliulizia. Mkopaji asiyepeleka ngozi ndiye mwizi.

Issack aliyajua haya kuliko vijana wote wa Garsen. Tasnifu yake ya mwaka wa nne, kurasa arobaini na saba, ilikuwa juu ya mikopo ya ng'ombe miongoni mwa wafugaji wa nyanda za Tana. Sura ya tatu nzima inahusu ngozi na sikio. Aliyemsimulia sura hiyo ni baba yake. Na Jumamosi alasiri, alipoulizwa kando ya zizi kama ng'ombe alizaa, kama alikamuliwa, kama alikufa kwa uzembe, hayo yalikuwa maswali yale yale aliyoyaorodhesha ukurasa wa ishirini na tisa, kwa utaratibu ule ule, na aliyajibu moja baada ya jingine bila kuona anapelekwa wapi.

"Baba," alisema, "ulikata wewe?"

"Yule binti wa serikali aliogopa. Mtoto wa watu, hajui desturi. Nikakata mwenyewe, watu wakiona."

"Na kilichobaki?"

"Kilichobaki ni chao. Ngozi ni ya mwenye ng'ombe." Mzee alimtazama. "Mbona umekaa hivyo? Unaumwa?"

"Nimechoka na safari."

"Kula. Bishara, mpe kaka yako ale."

Alhamisi saa tatu asubuhi Issack alikuwa Hola, makao makuu ya kaunti, kwenye kituo cha huduma za serikali, dirisha la nne, ambalo pia hushughulikia mambo ya bodi ya mikopo. Aliyekaa nyuma ya kioo alikuwa dada wa makamo aitwaye Christine Kanze, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alipolisikia jina hakuuliza kitambulisho. Alivuta droo, akatoa bahasha ya kaki.

"Nilikupigia Jumanne mara nne," alisema. "Namba yako ilikuwa kwenye barua ya kazi ndani humu. Haukupatikana."

"Nilikuwa Kinakomba."

"Mzee ni babako?"

"Ndiye."

Christine alishusha sauti. "Kaka yangu, mimi nimekaa dirisha hili miaka tisa. Nimeletewa vitambulisho vya marehemu, nimeletewa hati ya shamba imeliwa na mchwa. Hii sijaletewa. Alikuja na mkalimani, kijana tu aliyemkuta kwenye foleni. Akasema amekuja kurudisha kitu cha serikali. Nikamwambia mzee, cheti hakirudishwi, hiki ni cha mwanao. Akasema, 'Mwanangu alikuambia amekufa?' Nikashtuka, nikadhani umekufa wewe. Nikampa pole."

"Akasema nini?"

"Akaipokea ile pole. Akashukuru sana, akasema serikali ina adabu. Halafu akatoa kisu kidogo. Askari akasimama, nikamzuia, maana niliona mzee hana ubaya. Akauliza foleni, 'Mnaona?' Watu wakasema wanaona. Akakata hapa." Aliigusa karatasi kwa ncha ya kalamu. "Nikamwambia mzee, umeharibu. Yule mkalimani sijui alimtafsiria nini. Mzee akaniombea dua, akaondoka."

Issack alikitoa cheti. Jina lake lilikuwepo lote. Sosholojia ilikuwepo. Chini upande wa kulia, palipokuwa na muhuri na namba, palikuwa na tundu lililokatwa vizuri, la duara, kwa mkono wa mtu ambaye amekata masikio mengi bila kumwumiza mnyama.

"Chuo watanipa kingine?"

"Hilo waulize wao."

Aliwapigia akiwa nje, kwenye kivuli cha ukuta. Aliyepokea alikuwa mpole na mwenye haraka. Cheti hutolewa mara moja tu. Kikiharibika, mhitimu huandika maombi, huapa mbele ya wakili, hulipa ada, kisha hupewa barua ya uthibitisho. Kama wiki sita, pengine nane. Issack aliuliza kama inawezekana kabla ya kesho saa kumi. Yule mtu alidhani ni mzaha, akacheka, akakata simu.

Lakini kuna saa ambazo mtu haamini jambo limekwisha kwa sababu tu limekwisha. Akiwa pale pale ukutani alimpigia Nzai.

"Nikopeshe elfu ishirini."

"Si mtamba anauzwa?"

"Hauzwi."

"Kuna nini?"

Alimweleza. Upande wa pili Nzai aliizima mashine ya fotokopi.

"Ngoja nielewe," Nzai alisema. "Cheti kina tundu, na bado unataka kulipa deni lake?"

"Nikiwa na barua ya mkopo, na cheti, na kile kipande nimekigundisha, huenda wakaelewa. Wananijua. Nimewafanyia kazi mara mbili."

"Huenda."

"Bila barua hakuna hata huenda."

"Hizo ni pesa za kodi ya duka, Issack."

"Najua."

Nzai alivuta pumzi. "Ukikosa kunirudishia mwezi huu, mimi nafungiwa mlango. Sikutishi. Nakueleza hesabu." Akazituma.

Issack alizilipa dirisha la nne saa sita kasorobo. Saa nane alikuwa na barua mkononi. Deni lilikuwa laki nne, elfu arobaini na nane, na mia tatu, na lingine elfu ishirini kwa rafiki yake. Jumla ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa mmoja wa wadai wake alikuwa mtu anayemjua kwa sura.

Ijumaa saa mbili unusu aliingia ofisi ya shirika. Afisa wa wafanyakazi, Bwana Kaviha, ni Mpokomo wa Garsen, mtu mtaratibu, ambaye hukunja mikono ya shati mara mbili sawasawa. Alimkaribisha kiti. Alipokea cheti cha polisi, akatia alama. Alipokea barua ya mkopo, akaisoma yote, akatia alama. Alipokea bahasha ya kaki, akatoa cheti, na mkono ukasimama.

Kipande kilikuwa kimebandikwa nyuma kwa gundi ya karatasi. Muhuri ulikuwa umekaa mahali pake, na mkato ulionekana kuuzunguka pande zote.

"Hiki kimepatwa na nini?"

Issack alikuwa ameandaa maelezo mafupi. Alipoanza kusema aligundua hayawezi kuwa mafupi. Alieleza ng'ombe wa kukopeshwa, alieleza ngozi, alieleza sikio. Alisikia sauti yake mwenyewe ikiwa ile ya siku alipoitetea tasnifu mbele ya walimu watatu, na walimu wale walimpongeza. Kaviha alisikiliza hadi mwisho. Hakutabasamu, na kwa hilo Issack alimshukuru moyoni.

"Ndugu Issack, mimi nakuamini," alisema. "Nimeishi na Waorma maisha yangu yote, na hata kama ningetunga, nisingeweza kutunga hivyo. Lakini faili hii inakwenda kwa mkaguzi, na mkaguzi hayuko Garsen. Ataona cheti ambacho muhuri umekatwa na kubandikwa. Unajua ataita nini."

"Bandia."

"Na atauliza ni nani aliyekipokea."

"Nikileta barua ya chuo baada ya wiki sita?"

"Leo saa kumi nafunga. Aliyekufuata kwa alama ana vyeti vyake vyote, nimemwambia asubiri simu." Kaviha alirudisha cheti ndani ya bahasha kwa uangalifu mkubwa. "Ulikuwa wa kwanza. Nataka ujue hilo."

"Kwa tofauti ya alama ngapi?"

Kaviha alisita. "Kumi na nne. Ile sehemu ya kujua mila za jamii ulipata zote."

Issack aliinuka. Alipofika mlangoni Kaviha alimwita tena, safari hii bila kumtazama, akipanga kalamu mezani.

"Wiki ijayo tunaanza kuorodhesha kaya upande wa Chewele. Siku kumi na mbili. Elfu moja na mia tano kwa siku. Hiyo haitaki cheti."

"Nitakuja," Issack alisema.

Jioni ile mzee alimngoja nje ya nyumba na kigoda cha pili. Alimuuliza kazi inaanza lini.

"Hawakunichukua, Baba."

"Walisema nini?"

Issack alikuwa na jibu. Lilikuwa la maneno machache, na angeweza kulisema kwa lugha tatu. Kwa miaka saba alikuwa amewauliza wageni wamelala na njaa mara ngapi, wamezika watoto wangapi, na alikuwa ameyapokea majibu bila kupepesa macho. Alimtazama baba yake, kanzu imerudishwa kwenye msumari nyuma yake, magoti yametandaa, uso wa mtu aliyemtendea mwanawe jambo jema na kulimaliza barabara.

"Nafasi ilikuwa moja," alisema. "Amepewa mwingine."

Mzee alitikisa kichwa. Ng'ombe mmoja alikohoa zizini. "Mwingine naye ana wazazi wake," mzee alisema. "Lakini wewe hudaiwi. Mtu asiyedaiwa hulala."

"Ndiyo, Baba."

"Na huyu Bishara akiitwa chuo, naye achukue huo wa serikali. Nilikuwa nauogopa. Sasa nimewaona wenyewe, ni waungwana. Walinipa hata pole." Alimgeukia binti yake, aliyekuwa akipuliza moto. "Umesikia? Mimi nitatia kidole mahali pa mdhamini. Ikishindikana, njia ya Hola naijua."

Bishara alicheka. Alimwuliza kaka yake kama kozi ya ustawi wa jamii ni sawa na ile aliyosoma yeye, maana ndiyo aliyoiweka ya kwanza kwenye fomu.

"Zinafanana," Issack alisema.

"Utanisaidia kujaza ya mkopo? Nzai anataka mia mbili."

Alisema atamsaidia. Baba yake alikuwa akimtazama.

Jumatatu alfajiri aliondoka kwenda Chewele. Siku kumi na mbili, kwa elfu moja na mia tano, ni elfu kumi na nane. Za Nzai zilikuwa ishirini.